Bendi isiyo na kibao na mkusanyiko wake wa nyimbo bora

Yo La Tengo wa Hoboken, New Jersey, hawakuwahi kutamba redioni. Ndiyo maana santuri waliyoikusanya mwaka 2005 ina mengi ya kusema kuhusu kudumu katika muziki.

Kutengeneza mkusanyiko wa nyimbo bora za mwanamuziki maarufu si kazi ngumu. Unachukua vibao vilivyotamba redioni, unavipanga kwa kufuata miaka, unaongeza wimbo mmoja mpya ili hata shabiki mwenye albamu zote alazimike kufungua pochi tena, halafu unapeleka mzigo dukani kabla ya Krismasi. Uchaguzi wenyewe ulishafanywa na soko zamani.

Kazi inakuwa nyingine kabisa pale bendi inapokuwa haina kibao hata kimoja. Bendi iko jukwaani kwa miaka 20, ina albamu kumi, inajaza kumbi za Marekani na Ulaya, wachambuzi wanaitaja kwa heshima, lakini hakuna wimbo wake uliowahi kuingia katika orodha ya 40 bora za nchi yake. Mauzo hayawezi kuamua wimbo upi ni mkubwa kuliko mwingine. Redio nayo haina la kusema. Nani basi atachagua, na kwa kigezo gani?

Swali hilo liliwakuta Yo La Tengo mwaka 2005, lebo ya Matador ya New York ilipotoa Prisoners of Love, mkusanyiko wa diski mbili za nyimbo zao kuanzia 1985 hadi 2003, pamoja na diski ya tatu ya nyimbo adimu na zilizobaki studio. Bendi ni ya watu watatu: Ira Kaplan, mpiga gitaa na kinanda, Georgia Hubley, mpiga ngoma, na James McNew, mpiga besi. Wote watatu huimba. Muziki wao ni ule unaoitwa indi, yaani roki ya kujitegemea, iliyokulia katika lebo ndogo, redio za vyuo vikuu na safari za gari dogo lililosheheni vyombo.

Nimeisikiliza santuri hii kwa miaka mingi na bado naiona kuwa miongoni mwa mikusanyiko michache yenye hoja. Kwa kuwa haikuwa na vibao vya kujificha nyuma yake, ilibidi ituonyeshe jambo jingine: namna watu watatu wanavyoweza kusikilizana kwa muda mrefu bila kuchokana, na muziki unavyonufaika na usikivu huo.

Mume, mke na mji wa ng'ambo

Hoboken ni mji mdogo unaotazamana na Manhattan, Mto Hudson ukiwa katikati. Frank Sinatra alizaliwa hapo, na barabara ya kando ya mto inaitwa kwa jina lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuishi hapo kulikuwa nafuu kuliko ng'ambo, na wanamuziki vijana wakawa wanavuka. Kilichowavuta zaidi ni Maxwell's, baa na mgahawa uliofunguliwa mwaka 1978 na kuitwa kwa jina la kiwanda cha kahawa cha Maxwell House kilichokuwa jirani. Chumba cha nyuma cha maonyesho kilikuwa cha watu wapatao 200. Aliyesimama mstari wa mbele alirukiwa na jasho la mpiga gitaa.

Kaplan alikuwa mwandishi wa habari za muziki. Pale Maxwell's alifanya kazi ya fundi mitambo, akikaa kwenye mashine ya sauti na kuzisikiliza bendi za wenzake usiku baada ya usiku. Hubley alitoka katika nyumba ya wasanii. Wazazi wake, John na Faith Hubley, walikuwa watengenezaji wa filamu za katuni waliotunukiwa Oscar. Mwaka 1968 walitoa filamu fupi iitwayo Windy Day, ambayo sauti zake ni za mabinti zao wawili, Georgia na dada yake Emily, waliorekodiwa wakiwa katika michezo yao ya kitoto. Mtoto aliyekua akiona baba na mama wakifanya kazi moja, chini ya paa moja, na mazungumzo ya watoto yakigeuzwa kuwa sanaa, hawezi kushangaa ukubwani akiambiwa kwamba atapiga muziki na mumewe maisha yake yote.

Bendi ilianza mwaka 1984. Kaplan na Hubley, wakiwa wapenzi, walitoa tangazo la kutafuta wapigaji wanaopenda bendi kama Soft Boys, Mission of Burma na Love. Jina lilitoka kwenye besiboli: ni sauti ya Kihispania ambayo mdakaji huipaza kuwaonya wenzake kwamba mpira ni wake wasije wakamgonga, katika kisa kinachosimuliwa kuhusu timu ya New York Mets ya mwaka 1962. Mwaka 1985 ikatoka singo ya kwanza, The River of Water. Mwaka 1986 ikafuata albamu ya kwanza, Ride the Tiger, iliyotayarishwa na Clint Conley wa Mission of Burma. Mwaka 1987 Kaplan na Hubley wakafunga ndoa.

Gitaa la solo katika albamu hiyo lilipigwa na Dave Schramm. Alipoondoka, Kaplan alilazimika kushika nafasi yake, na hapo ndipo tabia ya bendi ilipoanza kujengeka. Hakushindana na mafundi wa vidole. Alilisogeza gitaa karibu na spika mpaka likaanza kulia lenyewe, akajifunza kuuvuta ule mlio, kuupindisha, kuuacha upande na kuushusha kama mtu anayechezea bomba la maji. Hubley, upande wake, hakuwa mpiga ngoma wa mbwembwe. Mapigo yake ni machache na yamewekwa mahali pake, na ndiyo yanayouwezesha wimbo ubaki umesimama hata gitaa linapokwenda kichaa. Ukizisikiliza nyimbo za miaka hiyo ya mwanzo utakuta sauti zote mbili za kuimba zina haya, karibu kunong'ona, zikijificha nyuma ya vyombo. Bendi nyingine ingetafuta mwimbaji mwenye kifua. Hawa waliamua kuijenga nyumba yao juu ya sauti hizo hizo.

Mtu wa tatu

Kwa miaka kadhaa wapiga besi walikuja na kuondoka. Halafu akaja James McNew. Aliwahi kuwa mhudumu wa maegesho ya magari huko Charlottesville, Virginia, na alikuwa akipiga katika bendi iliyoitwa Christmas. Albamu yake ya kwanza na Yo La Tengo ilikuwa May I Sing with Me ya mwaka 1992, na tangu hapo hakuondoka.

Kuingia katika bendi ya mume na mke si jambo dogo. Mgeni anaweza kubaki mgeni miaka yote, akipiga anachoambiwa na kulipwa mwisho wa safari. Hapa haikuwa hivyo. Kuanzia miaka ya 1990 nyimbo zao zimeandikwa kwa majina ya wote watatu, bila kujali nani alileta wazo la kwanza. Mtu asiyefahamu biashara ya muziki anaweza kuliona hilo kama jambo la karatasi tu. Lakini fedha za utunzi hulipwa mbali na fedha za maonyesho na za kurekodi, na bendi nyingi zimevunjika baada ya mmoja kujenga ghorofa kwa mirabaha huku wenzake wakiendelea kupanga chumba. Kwa kugawana utunzi, Yo La Tengo waliuondoa ugomvi huo mezani mapema. Tena ilikuwa haki, kwa sababu nyimbo zao nyingi huzaliwa wakiwa wamefungiana chumbani, wakipiga bila mpango kwa muda mrefu mpaka kitu kijitokeze.

Mwaka 1993 ikatoka Painful, albamu yao ya kwanza chini ya Matador na ya kwanza wakiwa na mtayarishaji Roger Moutenot, ambaye aliendelea nao kwa zaidi ya miaka 15. Humo wimbo mmoja, Big Day Coming, umewekwa mara mbili. Unafungua albamu ukiwa mtulivu, kinanda kikivuma chini na sauti ikisikika kwa mbali. Baadaye unarudi na magitaa yaliyofunguliwa hadi mwisho, mtu akadhani ni wimbo mwingine. Bendi ya kawaida ingechagua toleo moja na kulitupa la pili. Wao waliyaacha yote mawili yasikike, na kuanzia hapo msikilizaji akajua kwamba kwa watu hawa ukimya na kelele hukaa nyumba moja.

Albamu zilizofuata ndizo zilizowapa heshima waliyonayo: Electr-O-Pura mwaka 1995, I Can Hear the Heart Beating as One mwaka 1997, And Then Nothing Turned Itself Inside-Out mwaka 2000, na Summer Sun mwaka 2003. Albamu ya 1997 ndiyo inayotajwa zaidi. Ndani yake kuna wimbo uitwao Sugarcube, ambao video yake ilichezwa na wachekeshaji Bob Odenkirk na David Cross. Katika kisa cha video hiyo, bosi wa lebo haridhiki na bendi isiyo na mvuto wa kibiashara, anaipeleka chuo cha roki ikafundishwe jinsi nyota wanavyotakiwa kuwa. Kisa ni cha kuchekesha, lakini kinaeleza kweli hali yao. Waliulizwa mara nyingi lini watakuwa wakubwa, na jibu lao lilikuwa albamu nyingine.

Mashabiki wao walikuwa wa aina yake pia. Mwaka 2002 gazeti la vichekesho la The Onion lilibuni habari ya maafa kwenye onyesho la Yo La Tengo, ambayo wanaohofiwa kufa ni wahudumu 37 wa maduka ya santuri. Kila aliyewahi kwenda kwenye onyesho lao alijua kwa nini gazeti liliwachagua wao. Waliowapenda zaidi ni watu wanaouza muziki, wanaoutunza, na wanaoweza kukueleza upande wa pili wa singo ulirekodiwa wapi.

Ndani ya Prisoners of Love

Jambo la kwanza linaloonekana katika mkusanyiko huu ni kwamba miaka haikufuatwa. Diski ya kwanza haianzi na singo ya 1985. Inaanza na Shaker, singo ya 1993, kisha Sugarcube ya 1997. Kutoka hapo nyimbo zinaruka mbele na kurudi nyuma, wimbo wa miaka ya 1980 ukikaa bega kwa bega na wa 2003.

Mpangilio huo una maana yake. Mkusanyiko unaofuata miaka husimulia hadithi ya kupanda: walikuwa wachanga, wakakomaa, wakafika kileleni, wakaanza kushuka. Msikilizaji hutafuta kilele kiko wapi na kuziona nyingine zote kama ngazi. Hapa hakuna kilele. Wimbo wa zamani unapowekwa baada ya ule mpya hauonekani tena kama mazoezi ya kujiandaa. Unasikika kama kazi iliyokamilika siku ilipofanywa. Vilevile, kwa kuchanganya hivyo, wametuonyesha mambo matatu yaliyokuwepo tangu mwanzo na hayakubadilika: mapigo ya Hubley, kelele za Kaplan, na ule upole wa sauti.

Sauti nazo zimegawanywa. Tom Courtenay, wimbo wa 1995 uliopewa jina la mwigizaji wa Uingereza, unaimbwa na Kaplan kwa furaha ya mtu anayependa sinema za zamani. Stockholm Syndrome ni wa McNew, anayeimba kwa sauti nyembamba ya juu ambayo wengi wakiisikia mara ya kwanza hudhani ni ya mtu mwingine kabisa. Little Eyes ni wa Hubley, na unakwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea jioni bila haraka. Autumn Sweater, ambao pengine ndio unaokaribia zaidi kuwa kibao chao, unakwenda kwa kinanda na ngoma, na ndani yake mna wasiwasi wa mtu mwenye haya aliyejikuta katikati ya watu asiowazoea. Hakuna anayepaza sauti, na bado wimbo unakukamata mkono.

Kama mtu ana muda wa wimbo mmoja tu, nitamwambia asikilize Blue Line Swinger. Una urefu wa zaidi ya dakika tisa. Unaanza na mlio wa kinanda usiobadilika. Juu yake ngoma zinaingia vipande vipande: pigo hapa, mfululizo mfupi pale, kimya, kisha tena, kana kwamba mpigaji anautafuta mlango gizani. Gitaa linakwaruza pembeni. Kwa dakika kadhaa hakuna kinachoshikana, na msikilizaji asiye na subira huruka kwenda wimbo unaofuata. Anayebaki hushuhudia vile vipande vikianza kusogeleana. Ngoma zinapata mwendo, gitaa linapata sauti yake, na karibu na katikati Hubley anaanza kuimba, sauti yake ikiwa imezama ndani ya kelele badala ya kuelea juu yake. Kuanzia hapo wimbo unapanda tu. Kinachokufurahisha mwishoni ni kwamba ulikuwepo wakati unajengwa. Wangeweza kukata dakika nne za mwanzo ili redio iukubali, na wangekuwa wamekata moyo wake.

Kupiga kopi kwa mapenzi

Wanamuziki wa bendi wanaijua kazi ya kupiga kopi. Ni kazi ya kuanzia, ya kujifunzia na ya kumridhisha mwenye ukumbi, na wengi hutamani siku watakapoachana nayo. Yo La Tengo hawakuachana nayo kamwe. Mwaka 1990 walitoa Fakebook, albamu ya utulivu ambayo sehemu yake kubwa ni nyimbo za watu wengine. Mmoja wao ni Daniel Johnston, mtunzi aliyeishi na maradhi ya akili na kurekodi nyimbo zake kwenye kanda nyumbani. Mwaka huo huo Johnston aliimba Speeding Motorcycle kwa njia ya simu, Yo La Tengo wakimpigia vyombo studio, katika redio ya WFMU ya New Jersey. Sauti yake inatoka katika waya wa simu, inayumba, na bendi inamfuata hatua kwa hatua bila kumkimbiza. Hilo ni somo zima la uungwana katika muziki.

WFMU haina matangazo ya biashara. Huendeshwa kwa michango ya wasikilizaji. Kuanzia mwaka 1996, katika msimu wa kuchangisha, Yo La Tengo wamekuwa wakienda studio na kutoa ahadi moja: anayechangia anaomba wimbo wowote duniani, nao watajaribu kuupiga papo hapo bila mazoezi. Wakati mwingine wanaupata, wakati mwingine wanapotea njiani na kucheka. Mwaka 2006 walitoa santuri ya majaribio hayo, na jina waliloipa linakiri kwamba wanaziua nyimbo za watu. Katika kazi hiyo kuna ufundi ambao mazoezi peke yake hayaleti. Ili watu watatu waweze kuupiga wimbo ambao mmoja anaukumbuka nusu na mwingine robo, lazima kila mmoja amsikilize mwenzake kuliko anavyojisikiliza mwenyewe.

Mafunzo hayo yanasikika katika mkusanyiko. You Can Have It All ulikuwa wimbo wa disko wa George McCrae, mwimbaji wa Florida aliyevuma miaka ya 1970. Mikononi mwa Yo La Tengo umepunguzwa mwendo, nyuzi zinateleza nyuma yake, Hubley anauimba kwa upole, na wanaume wawili wanaitikia kwa silabi zile zile tangu mwanzo mpaka mwisho. Jukwaani wanaume hao huweka vyombo chini na kucheza kwa hatua zilizopangwa. Asiyejua asili ya wimbo hataona kama ni kopi, na anayeijua atampenda McCrae zaidi.

Diski ya tatu ndiyo inayofungua stoo. Kuna Bad Politics, wimbo wa Dead C, bendi ya kelele ya New Zealand. Kuna Autumn Sweater iliyochanganywa upya na Kevin Shields wa My Bloody Valentine. Mauzo pekee yangeongoza uchaguzi, diski hii isingekuwepo. Ipo kwa sababu watu hawa ni wasikilizaji kwanza, na wanajua kwamba shabiki wa kweli hupenda kuona pia vile vilivyobaki jikoni.

Usiku nane

Mwaka 2001 walianzisha desturi nyingine. Hanukkah, sikukuu ya Kiyahudi ya kuwasha taa, ina siku nane, na kwa usiku wote nane Yo La Tengo walipiga Maxwell's. Kila usiku ulikuwa na bendi tofauti ya kufungua, mchekeshaji, na wageni ambao hawakutangazwa kabla. Mapato yalikwenda kwa mashirika ya hisani. Walirudia miaka mingi, ingawa si kila mwaka, hadi 2012. Maxwell's ilifungwa Julai 2013, na tangu 2017 maonyesho hayo yamehamia ng'ambo ya mto, katika ukumbi wa Bowery Ballroom, Manhattan.

Nyimbo hubadilika kila siku katika siku hizo nane, na mwenye tiketi za siku zote hatasikia onyesho moja likirudiwa. Ili kuweza hivyo, bendi inatakiwa kuzitunza mamia ya nyimbo zikiwa hai, zao na za wengine, tayari kuitwa. Hata katika ziara za kawaida waliibua njia za kujizuia wasizoee. Mwaka 2007 walianza maonyesho ambayo mashabiki huuliza maswali na majibu ndiyo yanayoamua wimbo unaofuata. Mwaka 2011 walipeleka jukwaani gurudumu la bahati nasibu, na liliposimama ndipo lilipoamua sehemu ya kwanza ya onyesho itakuwa nini. Huko Chicago liliwaangukia waigize kipindi kizima cha televisheni, Seinfeld, na wakakiigiza.

Ukiyajua hayo, Prisoners of Love inaonekana kwa sura yake halisi. Ni orodha ya usiku mmoja kati ya usiku nyingi, ila huo mmoja ukabahatika kuchapishwa. Wangepanga tena mwezi uliofuata, naamini nusu ya nyimbo zingebadilika, na mkusanyiko ungebaki mzuri vilevile.

Kinachokosekana

Mpangilio huo huo ninaousifia una gharama. Msikilizaji mgeni hatapata safari yao jinsi ilivyokwenda. Kati ya 1993 na 2000 bendi ilifanya jambo gumu: ilijifunza kunyamaza. Albamu ya 2000 inafungwa na Night Falls on Hoboken, wimbo wa dakika 17 unaotembea taratibu mno, bila kishindo, kama usiku wa mji wenyewe. Kufika hapo kulihitaji kwanza kupitia makelele yote ya nyuma. Anayeruka kutoka 1993 hadi 1997, kisha 1989, hataona kwamba utulivu ule ulitafutwa kwa miaka. Ataudhani ni tabia tu ya watu wapole.

Pia kuna kazi zisizoingia katika kapu lolote la nyimbo bora. Mwaka 2001, kwa ombi la tamasha la filamu la San Francisco, walitunga muziki wa kusindikiza filamu za Jean Painlevé, Mfaransa aliyepiga picha za pweza, farasi wa baharini na viumbe wengine wa majini. Muziki huo, uliotoka mwaka 2002, hauna maneno na umefungamana na picha. Kwangu mimi ni miongoni mwa mambo bora waliyofanya. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: sikiliza mkusanyiko mara ya kwanza kama ulivyopangwa, kisha rudi kwenye Painful na albamu ya mwaka 2000, uzisikilize nzima kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Hesabu iliyopitwa

Jina kamili la mkusanyiko ni refu kuliko Prisoners of Love, na linazitania nyimbo kwamba zimezeeka. Mwaka 2005 utani huo ulieleweka, kwani bendi ya miaka 20 katika roki huhesabiwa kuwa imeshastaafu isipokuwa haijaambiwa. Lebo nyingi hutoa mikusanyiko ya aina hii wakati huo hasa, kama hesabu ya kufungia duka.

Duka halikufungwa. Popular Songs ilitoka mwaka 2009. Fade ikaja mwaka 2013, ikitayarishwa na John McEntire wa Tortoise, na ni albamu ambayo watu waliokwisha kuishi pamoja kwa miongo kadhaa wanazungumzia umri na woga wa kupotezana bila kujifaragua. There's a Riot Going On ikatoka mwaka 2018. Mwaka 2023 wakatoa This Stupid World, waliyoirekodi na kuitayarisha wenyewe. Inafunguliwa na Sinatra Drive Breakdown, wimbo wa zaidi ya dakika saba wenye jina la barabara ile ya kando ya mto huko Hoboken. Besi na ngoma zinashika mwendo mmoja na hazitoki, gitaa linalia juu yake kama lilivyolia miaka ya 1980, na sauti ni ile ile ya haya. Wapigaji wanakaribia au wamepita miaka 60, na hakuna dalili ya watu wanaojikumbushia ujana.

Leo nyimbo za 1985 hadi 2003 ni chini ya nusu ya maisha ya bendi hii. Mkusanyiko uliodhaniwa kuwa wa kazi nzima umegeuka kuwa sehemu ya kwanza. Hilo lisingetokea kama mwaka 1997 wangepata kibao kimoja kikubwa, wakalazimika kukipiga kila usiku kwa miaka 25 na kutafuta kingine kinachofanana nacho. Walipata kilicho bora zaidi: chumba cha mazoezi, redio ya jirani, ukumbi wa watu 200, mgawo wa haki, na mtu wa tatu aliyekaa. Wanamuziki wachanga wanaoambiwa kwamba bila wimbo wa kutamba hakuna maisha wausikilize mkusanyiko huu kwa makini. Humo mna diski tatu za ushahidi kwamba inawezekana, na kwamba kazi inayofanywa kwa namna hiyo huwa haiishi hamu, kwa mpigaji wala kwa msikilizaji.